Kutu Nyuma ya Diski

Mteremko wa Nyang'oro, ukitoka Iringa kushukia Mtera, hauna huruma na breki. Siku ile kila nilipokanyaga pedeli usukani ulitetemeka mpaka saa ikanicheza mkononi. Kilichoniudhi zaidi, diski za breki za mbele hazikuwa na hata mwaka. Nilipofika Dodoma, gereji iliyozifunga ikanitajia bei ya jozi nyingine: "Zimepinda kwa joto, dada." Kaka yangu naye akatoa lake, eti nimezimwagia maji zikiwa za moto.

Nikaenda kwa mzee mmoja Kizota. Nilipomwamkia tu akauliza, "Marahaba binti. Kinachotetemeka ni usukani au kiti?"

"Usukani."

"Basi ni mbele. Na ukiwa mwendo ule ule, hujagusa breki?"

Nikamwambia gari limetulia kabisa. Hapo hapo akaachana na habari ya balansi ya tairi.

Akafungua tairi, akaibana diski kwenye habu, kile kitovu inapokaa diski na tairi, kwa nati zake, akaegesha geji ya sindano ya kupima myumbo karibu na ukingo wa diski na kuizungusha polepole. Sindano ikapanda, ikashuka, ikapanda tena: 0.12 mm. Kwa magari mengi inatakiwa isizidi kama 0.05. Akaichomoa diski. Uso wa habu ulikuwa na magamba ya kutu, mengine yakibanduka kwa kucha. Diski mpya ilipachikwa juu ya uchafu huo huo!

Diski iliyokaa upande haitetemeshi gari siku ya kwanza, na ndiyo maana gereji ile ilionekana imefanya kazi safi. Kila mzunguko sehemu ile ile inaparuza padi hata kama hujafunga breki, inalika kidogo kidogo, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene haulingani tena. Ukikanyaga, padi zinasukumwa na kurudi, na mtikisiko unakufikia mikononi. Kupinda kwa joto, alisema mzee, watu wanakutaja sana kuliko kunavyotokea.

Akasugua habu kwa brashi ya waya na msasa, hasa kuzunguka mizizi ya stadi, zile boliti za tairi, mpaka chuma kikang'aa. Diski iliporudi, geji ikasoma 0.03. Lakini unene ulikuwa umeshaharibika, kwa hiyo zote mbili zikaenda kuchongwa. Ukingoni zimegongwa unene wa mwisho ambao diski haitakiwi kupungua chini yake, 20 mm. Zilirudi zikiwa na 21 na ushee. Nikanunua padi mpya. Nati akazikaza kwa kukingamanisha, kwa spana inayopima nguvu. Bunduki ya upepo ya kukazia nati ilikuwa pale pale, hakuigusa.

Tukalijaribu barabara ya Singida. Nilikanyaga breki kwa nguvu nikiwa kwenye 90, usukani ukatulia tuli. Gharama yote haikufika bei ya diski moja.

Kaka yangu hadi leo anashikilia kwamba ni maji.