Hakuna Kilichoharibika

Siku niliyokwenda kumwona daktari bingwa wa baridi yabisi nilibeba bahasha ya majibu ambayo yote yalikuwa mazuri, na nilikuwa nayaonea haya. Vipimo vya uvimbe mwilini: sawa. Tezi ya shingo: sawa. Lupus, ule ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe: hakuna. Kile kimeng'enya kinachopanda kwenye damu misuli inapoharibika: kiko palepale kinapotakiwa kuwa. Picha ya mgongo: hali ya kawaida kwa umri wake. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi kila jibu zuri lilikuwa linaniondolea shahidi.

Maumivu, ambayo leo nayajua kwa jina la fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima, yalianzia shingoni, na kwa muda mrefu niliyaita uchovu wa kazi. Kisha yakateremka mabegani, mgongoni, nyongani, mapajani, yakarudi juu mpaka kwenye mataya. Hayakuwa mahali pamoja kwa siku mbili mfululizo, jambo lililonifanya nionekane mwongo kila nilipojieleza. Nililala usiku kucha nikaamka nimechoka kuliko nilipopanda kitandani, mwili umekakamaa kiasi cha kunilazimu kukaa ukingoni mwa kitanda kwanza kabla ya kusimama. Kamba ya mkoba iliniuma begani. Mshono wa nguo uliniuma kiunoni. Nilianza sentensi nikaipoteza katikati, mbele ya watu, nikabaki nimewakodolea macho.

Daktari aliyetangulia, ambaye sitamtaja, alitazama majibu hayo kwenye kompyuta yake bila kunigeukia, akasema, "Mama, hakuna kilichoharibika. Nenda kapumzike, punguza mawazo." Akaniandikia vidonge vya maumivu na vitamini. Nilitoka pale nikiwa na dawa mkononi na bila neno la kuwaambia watu nyumbani.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa ndiye aliyenisindikiza safari hii. Dada ni mtu wa kujikaza. Amelea watoto, amezika mume, amefanya kazi ya kusimama maisha yake yote, na dawa anayoiamini ni kuamka mapema. Hakuwahi kunitukana. Aliniangalia tu kwa namna fulani kila niliposema siwezi, na mimi niliisoma vizuri namna ile. Nadhani alikuja ili asikie kwa masikio yake kwamba sina kitu.

Daktari alikuwa mzee, mwenye sauti ya chini. Aliipokea bahasha, akaiweka pembeni bila kuifungua, jambo lililonitia wasiwasi. Badala yake akanipa karatasi yenye mchoro wa mtu, mbele na nyuma, na kalamu. "Wiki iliyopita, wapi paliuma? Paka rangi."

Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Kila mahali nilikuwa naulizwa "unaumwa wapi," na niliposema kila mahali, waliandika neno moja wakaendelea. Mchoro ule umegawanya mwili katika sehemu 19: bega la kushoto peke yake, bega la kulia peke yake, mkono wa juu, mkono wa chini, nyonga, paja, mguu, taya, kifua, tumbo, shingo, mgongo wa juu na wa chini. Nilipaka polepole. Dada alikuwa amesogeza kiti chake, anafuatisha kalamu kwa macho.

"Hata taya?" akauliza.

"Hata taya."

"Hukuwahi kuniambia taya."

Sikumjibu. Mtu anayeonekana anadeka kwa ajili ya mgongo hawezi kuongeza na taya.

Ukurasa wa pili ulikuwa na maswali ya uchovu, ya kuamka bila kupumzika, na ya kumbukumbu, kila moja kuanzia sifuri hadi tatu, kisha maumivu ya kichwa, tumbo la chini na huzuni. Nilipofika kwenye kumbukumbu nilimwomba dada anikumbushe swali lililotangulia lilihusu nini, na daktari akatabasamu, akasema hilo nalo ni jibu.

Halafu akanipima kwa mkono. Alibonyeza kwa kidole gumba nyuma ya shingo, juu ya mabega, pembeni mwa kiwiko, ndani ya goti, akiongeza nguvu taratibu mpaka ukucha wake mwenyewe ukawa mweupe. Wakati mwingine niliruka. Alieleza akiwa anaendelea kwamba ukucha ukigeuka mweupe mkandamizo umefika karibu kilo nne, na kwamba tangu mwaka 1990 madaktari walitakiwa kubonyeza hivyo mahali 18 na kuhesabu. Sehemu zinazouma zikiwa 11 au zaidi, kwa mtu mwenye maumivu yaliyoenea mwilini, ndiyo fibromialjia. Yakiwa kumi, mgonjwa anarudi nyumbani bila jina. Wanaume wengi waliachwa nje kwa hesabu hiyo, maana wao mara nyingi hawana sehemu nyingi za kuruka hata wanapoumwa mwili mzima. Mwaka 2010 hesabu hiyo iliondolewa ikaletwa karatasi ya aina niliyojaza, na mwaka 2016 ikarekebishwa: maumivu yawe yameenea, yawe yamedumu angalau miezi mitatu, na ugonjwa mwingine ukiwepo usiufute huu. "Mimi bado nabonyeza," akasema. "Mkono umeshazoea."

Sasa ndipo alipofungua bahasha. Alisoma kila karatasi, taratibu, akazipanga tena, akaniangalia.

"Hakuna kilichoharibika," akasema.

Nilinyoosha mkono kuchukua mkoba wangu. Nakumbuka hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, kwa sababu dada alikuwa amekaa pale.

"Subiri mama, sijamaliza."

Aliyoyasema baada ya hapo nimeyarudia kwa watu wengi, na kila ninapoyarudia najaribu kutoyapamba. Alisema madaktari waliutafuta ugonjwa huu ndani ya misuli kwa miongo mingi. Mwaka 1904 William Gowers, daktari wa Uingereza, aliona ni uvimbe wa tishu za nyuzinyuzi zilizo katika misuli. Waliokuja baadaye wakakata vipande vya misuli, wakavitazama kwa darubini, uvimbe hawakuuona. Misuli haikuwa na hatia. Tatizo liko njiani, katika mishipa ya fahamu, ugwe mgongo na ubongo wenyewe, mahali habari ya maumivu inapopokewa na kukuzwa. "Una mlinzi aliyewahi kuibiwa," akaniambia. "Sasa anapiga filimbi hata paka akipita. Filimbi ni ya kweli, na wewe huwezi kulala. Lakini mwizi hayupo."

Dada alikuwa kimya mpaka hapo. Akauliza swali ambalo mimi nililiogopa kwa miaka.

"Kwa hiyo daktari, ni ugonjwa kweli au ni mawazo tu?"

Hakukasirika. Alimshika dada mkono, akamwomba ruhusa, akambonyeza ukucha wa kidole gumba. Dada akatikisa kichwa, hakuna kitu. Akaongeza, hakuna kitu. Akanibonyeza mimi vilevile, nikauvuta mkono. Kisha akatuambia juu ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, wa Richard Gracely na wenzake, ambapo wagonjwa wa fibromialjia na watu wenye afya walilazwa ndani ya mashine ya MRI, inayoonyesha shughuli za ubongo kwa picha, wakabonyezwa gumba hivyohivyo. Wagonjwa waliumia kwa karibu nusu ya mkandamizo uliowaumiza wenzao, na kwa mkandamizo huo mdogo ubongo wao ulionyesha shughuli katika maeneo yaleyale. Walipobonyezwa wenye afya kwa nguvu hiyohiyo ndogo, maeneo mengi kati ya hayo yalibaki kimya.

"Mawazo yanazidisha," akamwambia dada. "Na kukosa usingizi kunazidisha zaidi." Kule Toronto, mwaka 1975, Harvey Moldofsky na wenzake waliwachukua watu wenye afya wakawavuruga kila walipozama kwenye usingizi mzito. Baada ya siku chache walianza kulalamika maumivu ya misuli na uchovu, watu ambao hawakuwa na historia yoyote ya maumivu. Dada, ambaye kwa usingizi ana heshima kubwa kuliko kwa madaktari, alitikisa kichwa kwa kukubali. Nadhani ni hapo alipogeuka. Ukucha ulimshangaza, lakini usingizi aliuelewa.

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye sentensi ya kwanza. Nikamuuliza: kama hakuna kilichoharibika, nikitembea na maumivu siharibu kitu?

"Huharibu kitu."

Lazima nieleze uzito wa jibu hilo kwa mtu asiyeumwa. Kwa miaka ile nilikuwa nauhifadhi mwili wangu. Sikuinua, sikuinama, sikutembea penye mwinuko, kwa sababu maumivu maana yake jeraha na jeraha halichezewi. Ndivyo tunavyofundishwa tangu utotoni na kwa mfupa uliovunjika ni kweli kabisa. Kadiri nilivyojihifadhi ndivyo misuli ilivyolegea, na kadiri ilivyolegea ndivyo hata kupanda ngazi kulivyoniuma. Madaktari wawili walinipa sentensi ileile. Wa kwanza alinifungia nayo mlango. Wa pili alikaa nayo nusu saa, na nilipotoka nilikuwa na ruhusa ya kutembea. Hasira juu ya yule wa kwanza ilinijia baadaye sana, na mpaka leo inanijia, kwa kuwa hakukosea. Alichobakiza ni maelezo ya nusu saa.

Kuhusu dawa hakunidanganya. Aliniandikia amitriptilini dozi ndogo, ninywe usiku, zaidi kwa ajili ya usingizi. Vidonge vya kupunguza uvimbe nilivyokuwa nameza kila siku alisema havina cha kupunguza, isipokuwa nikiwa na tatizo lingine pembeni. Dawa kali za jamii ya mofini alizikataa moja kwa moja. Alitaja kwamba Marekani wakati huo ilikuwa imeidhinisha dawa tatu, pregabalini mwaka 2007, duloksetini mwaka 2008, milnasiprani mwaka 2009, na kwamba mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikataa kuziidhinisha kwa ugonjwa huu kwa sababu faida ilionekana ndogo. Wapo zinaowafaa, akasema, tutaona. Kitu pekee ambacho wataalamu wa Ulaya walikipendekeza kwa mkazo katika mwongozo wao wa 2016 hakiuzwi kwenye duka la dawa: mazoezi. "Na mtu atakayekuahidi kupona kwa chupa moja," akaongeza, "mshukuru kisha uondoke."

Nilitegemea aniambie nijitahidi siku mbaya. Akasema kinyume. Siku mbaya hazimtishi. Anaogopa siku zangu nzuri. Mgonjwa anaamka mwepesi, anafua, anapanga kabati, anakwenda kumsalimu kila mtu aliyemkosa, kisha anaanguka kitandani kwa siku kadhaa na kuapa kwamba kutembea kunamdhuru. Nilitazama chini. Dada alicheka kwa sauti, kwa kuwa kabati hilo analijua. Agizo lake likawa hivi: nichague muda wa kutembea ambao hata siku mbaya naumudu, hata kama ni dakika tano, na siku nzuri nitembee hizohizo tano. Kuongeza ni baada ya wiki, kwa dakika moja moja, kwa kalenda na si kwa hamu.

Sikuamini kwamba dakika tano ni tiba. Sasa nafikiri ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za matibabu haya, kwa sababu inamtaka mtu aache wakati bado anaweza, na anyanyuke wakati hataki. Dawa ni kumeza tu.

Tulipotoka, mbele ya jengo kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu yenye kivuli. Nikamwambia dada tuanze leoleo. Alitazama saa yake, akaweka mkoba wangu begani mwake pamoja na wa kwake, tukaenda. Mapaja yaliuma kwa namna ileile ya siku zote na nilikuwa nikijirudishia moyoni, mwizi hayupo, nikijisikia mjinga kidogo. Dakika tano ziliisha karibu na benchi. Nilikuwa najisikia vizuri, labda kwa sababu ya siku yenyewe, na dada aliliona hilo usoni mwangu.

"Twende mpaka pale mwisho, si unaona unaweza?"

"Ninaweza. Ndiyo maana nasimama."

Aligeuka kuniangalia, nikajua anatafuta neno la kunisukuma nalo na halipati. Kisha akaketi kwenye benchi, akanitengea nafasi, akatoa ile karatasi yenye mchoro na kuanza kuniuliza, sehemu moja baada ya nyingine, kila moja ilianza lini.