Pauni Tano za Kuni

Nauli ya treni kutoka London ilinitoka pauni 94, na bado nilisimama mpaka Sheffield kwa kukosa kiti, nikabadili treni ya Barnsley. Hayo nimeshayasamehe. Nisichosamehe ni pauni 5 za kuni.

Kwanza dereva wa basi, pande la mtu mwenye ndevu, alipokea nauli yangu akasema, "Ta, love." Asante, mpenzi! Nikageuka kutazama kama nyuma yangu kuna mwanamke. Hakuna. Kumbe Yorkshire, eneo la kaskazini mwa Uingereza ilimo Barnsley, wanaume wazima huitana hivyo, kama sisi tunavyoitana ndugu yangu.

Nilifikia kwa mzee mmoja aliyekuwa akipangisha chumba cha juu. Zamani alikuwa mchimba makaa ya mawe, na ule mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa 1984 hadi 1985 alikuwamo. Ilikuwa Februari, upepo unakata masikio. Naingia sebuleni na begi langu, mzee yuko kando ya jiko la kuni, hata hajanyanyuka, ananiambia: "Put t'wood in t'hole, lad."

Kiingereza nimekisoma tangu darasa la tatu. "Wood" ni mbao, au kuni. "Hole" ni tundu. Kuni hizo hapo kikapuni, na jiko limeachama. Nikachukua gogo, nikalitia. Mzee akanitazama. Akarudia, safari hii kwa sauti. Nikatia la pili, kubwa zaidi, nikapangusa mikono. Mara ya tatu alipaza kama anayemwita mtu aliye chini mgodini. Nikasema moyoni, baridi imemwingia mzee wa watu; nikatia la tatu. Moto ukavuma. Akanyanyuka, akanipita, akaenda kufunga mlango niliouacha wazi.

Mbao ndiyo mlango. Tundu ndipo unapokaa.

Alicheka hadi akakohoa. Asubuhi akaniletea hesabu: chumba, "tea" (ambayo kule ni mlo wa jioni, viazi na nyama, siyo kikombe cha chai), na kuni pauni 5. Nikamuuliza, si ulicheka? Akanijibu kwa msemo wa kwao: "If ever tha does owt for nowt, allus do it for thissen." "Tha" ni wewe, "owt" ni chochote, "for nowt" ni bure. Nilimaliza mkate wote nikifumbua msemo huo: ukija kufanya jambo bila malipo, basi jifanyie mwenyewe.

Nikalipa. Ngazini nikamkumbuka mama mkwe wangu wa Mombasa, mwaka ule niliooa. Mimi mtu wa Morogoro, nimekaa ukumbini kwa adabu, yeye ananiita kutoka uani: "Ndoo, mwanangu! Ndoo!" Nikaenda mbio na ndoo, tena nimeijaza maji. Kumbe Kimvita hicho, alikuwa akiniambia njoo, mahamri yameiva. Nililoa mpaka viatu, na hakunitoza hata senti.