Twendeni tukawaone wakiwa hai

Mtoto wa Malindi samaki anamjua vizuri sana, anamjua akiwa ameparwa magamba, amechanjwa na kupakwa chumvi na ndimu, anajua changu ana miba ya namna gani na nguru akiadimika bei inapandaje, lakini muulize huyo tafi anayemla kila wiki akiwa baharini anakula nini na analala wapi, atakutazama tu. Si kosa lake, hajaonyeshwa. Tumezaliwa hatua chache kutoka majini na viumbe wa bahari tunakutana nao wakiwa wamekufa tayari, kwenye beseni la muuzaji ama kwenye karai ya mafuta. Hili jambo linaniuma, nasema wazi, na ndio maana likizo ya Agosti nikaamua watoto wa dada yangu nitawatembeza mwenyewe.

Sasa Agosti ni kusi. Wanaoijua bahari wanaelewa, mawimbi yanakua makali na zile boti za kioo za kwenda hifadhi ya bahari kuna siku hazitoki kabisa. Hiyo hifadhi yetu na ile ya Watamu zilianzishwa 1968, ndio za kwanza Kenya, na kwa kweli kuchungulia matumbawe siku maji yametulia ni raha ya peke yake. Lakini bibi mwenye magoti mabovu atapandaje boti? Na mtoto wa kike asiyejua kuogelea, na hapa mjini wako wengi mno, utamwambiaje avae miwani aruke majini? Kwa hiyo tukaanza na nchi kavu.

Tukaenda makumbusho, pale kwenye lile jumba la nguzo linalotazama bahari. Kama hujawahi kuingia, ingia, manake mle ndani kuna silikanti. Huyu ni samaki ambaye wataalamu walikua wanamjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, walisema ametoweka tangu enzi za madinosaria, mpaka 1938 akanaswa mmoja kule Afrika Kusini na dunia nzima ya sayansi ikashtuka. Wa kwetu alinaswa na trola 2001 huko nje kati ya Malindi na Lamu, mita 185 kwenda chini, kilo 77, urefu mita 1.7. Mapezi yake yana nyama mle ndani kama vijimkono. Watoto walimzunguka huku na huku, yule wa kwanza anasoma maandishi kwa sauti ili mdogo wake asikie, alafu yule mdogo akaniuliza, "Mjomba, na aliye hai tutamuona wapi?"

Silikanti aliye hai siwezi kumuonyesha mtu, anaishi gizani kwenye mapango ya chini kabisa. Lakini swali lake nilitembea nalo mpaka jeti.

Pale jeti jioni mnapajua, upepo, watu wanapunga hewa, na kuna wazee wanaovua kwa mshipi. Tukamkuta mzee mmoja, watoto wakamwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba wajukuu wangu, na haikupita mda mshipi ukavuta, akatoa bunju. Wala hakukasirika. Akamtia kwenye ndoo yenye maji ya bahari na bunju akawa amejivimbisha mpaka hana umbo. "Tazameni tu, msimbinyebinye," mzee akasema, "na mkubwa akiwaletea huyu nyumbani msile, huyu moto haumsafishi sumu yake." Ni kweli kabisa, sumu ya bunju ata umpike vipi haitoki. Basi watoto wakainama kwenye ndoo, wakaja wengine, wakaja madereva wa tuktuk, wakaja wasichana wawili waliokua wanapiga foto, mama mmoja na mtoto mgongoni, watu wazima wamezaliwa hapahapa Malindi wanaulizana haya macho yake mbona yanazunguka kila upande peke yake, mbona ana meno kama ya mtu. Bunju akapungua taratibu akarudi umbo lake, akaanza kuogelea mle ndani ya ndoo, mzee akamteremsha majini kwa kamba na ndoo yake, akaenda zake. Watu wakapiga makofi!

Ndoo moja. Ndio maana nasema jeti yetu inahitaji kuwa na kijumba cha matangi ya samaki walio hai, kidogo tu, cha watu wa mji wenyewe, na wala sisemi ndoto manake wenzetu wanavyo. Kule Marekani kuna mji mdogo wa bandari unaitwa Port Angeles, jimbo la Washington, pale kwenye jeti ya mji pana kituo cha Feiro Marine Life Center kilichofunguliwa 1981, na jina ni la mwalimu wa sayansi wa sekondari ya hapo. Mwalimu! Si tajiri, si shirika kubwa. Na Canada kuna Ucluelet, kijiji cha wavuvi, wao wana akwariamu yao ufuoni na utaratibu wao mimi ndio nimeupenda zaidi: viumbe wanachukuliwa kwenye maji ya hapohapo, wanakaa msimu mmoja watu wakiwatazama, alafu msimu ukiisha wanarudishwa walikotoka. Hakuna kufunga kiumbe maisha. Hakuna kuagiza samaki wa rangirangi kutoka nchi za mbali. Yule mzee wa mshipi na ndoo yake hajawahi kusikia Ucluelet na amefanya vilevile.

Ugumu upo na nimekaa nikaufikiria. Wa kwanza ni maji yenyewe. Mto Sabaki unaingia baharini hapo kaskazini ya mji, na mvua zikinyesha huko bara unashuka na udongo mwekundu, alafu pepo za kaskazi zikivuma lile tope linasukumwa mpaka huku kwetu, bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukivuta maji hayo kwa pampu ukayaingiza kwenye tangi hutaona samaki utaona tope, na chumvi nayo inapungua, kuna viumbe hawastahimili. Kwa hiyo lazima kuwe na filta ya mchanga na tangi kubwa la kuhifadhia maji masafi, yanavutwa siku bahari ni njema, maji ya bamvua yamejaa juu kabisa. Wa pili ni stima. Samaki kwenye tangi anachafua maji yake mwenyewe kwa uchafu wa mwili wake, inatoka amonia, na bila bakteria wazuri kwenye filta kuibadilisha ile amonia inamuua. Na pampu ikisimama hewa inaisha, na kwa joto la kwetu maji yakipata moto hewa inakaa kidogo zaidi, yaani stima ikipotea usiku mzima asubuhi unaokota maiti. Sola na betri ni lazima, si pambo. Ndio nikaelewa kwanini vituo vidogo namna hii kila siku vinaomba msaada, watu wanadhani pesa zinaliwa kumbe zinaenda kwenye pampu na umeme na mishahara ya wale wanaoamka usiku kuangalia.

Lakini ona tungeweka nini! Kiti cha pweza, yule kiumbe wa umbo la nyota, kaa wa mikoko, jongoo wa pwani, mkunga kwenye tundu lake, tafi wakitafuna mwani mchana kutwa (ndio jibu, tafi anakula mwani). Na pweza mwenyewe, ambaye kila mmoja wetu amemla na supu yake ameinywa, ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu, na ukimweka kwenye tangi lazima kifuniko kiwe kizito na kifungwe sawasawa manake anakisukuma anatoka. Jike akishataga anakaa juu ya mayai yake anayalinda anayapulizia maji hali chakula mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Mtoto akiyajua hayo akiwa mbele ya pweza anayemtazama, mkuki ataushika kwa fikra nyingine, atajua jike aliye kwenye mayai anaachwa.

Mpaka hapo tutakapopata chetu, kipo kilichopo na hakijatembelewa vya kutosha na sisi wenyewe. Siku iliyofuata tukapanda matatu, tukapitia Gede mpaka Watamu, kwa wale watu wa Local Ocean wanaotibu kasa. Walianza 1997 kwa kulinda viota ufuoni, mwaka uliofuata wakaanza mpango na wavuvi: kasa akinasa kwenye wavu wako usimchinje, piga simu, wao wanakuja, wanampima, wanamfunga alama, akiwa mzima anarudishwa baharini, akiwa mgonjwa anaenda kwenye matangi ya matibabu, na mvuvi anapewa kitu kidogo cha kufidia mda wake. Kuna wanaonung'unika eti wavuvi wanalipwa kwa kuokota. Mimi naona ni haki, mtu ameacha kazi yake, wavu umechanika, na kasa akichinjwa kwa siri nyama na mafuta yana bei, kwa hiyo anayepiga simu amechagua kupoteza pesa. Nimewaheshimu sana hao wavuvi.

Kwenye matangi tukamkuta kasa anayeelea tu hawezi kuzama. Kijana aliyetutembeza, mtoto wa hapohapo, akawaeleza watoto kwa Kiswahili safi kabisa kwamba kasa anapomeza plastiki tumbo linaziba, gesi inajaa, mwili unakua mwepesi anabaki juu ya maji, na huko juu hali, jua linamchoma, boti zinampiga. Mfuko wa plastiki majini anauona ni yavuyavu, chakula chake. Kenya tumepiga marufuku mifuko tangu Agosti 2017 lakini iliyokwisha ingia baharini haijatoka, na chupa ndio zinazidi. Mwengine alikua na uvimbe shingoni na machoni, ni ugonjwa wa virusi unawapata sana hawa kasa wa kijani, wanafanyiwa opareshini pale. Akawaambia pia kwamba kasa hazaliwi dume au jike kwa bahati tu, joto la mchanga ndio linaamua, mchanga ukiwa na moto zaidi wanatoka majike, na jua hili la siku hizi mnaliona. Mpwa wangu wa kwanza, mtoto asiyeongea sana, akauliza maswali mpaka ikabidi kundi lingine lisubiri.

Nikamsimulia dada yangu jioni ile habari ya Pemba, manake bado kuna watu wazima mtaani wanaweka mafuta ya kasa kwa dawa ya kifua. Machi 2024 kisiwa cha Panza walikufa watu tisa, wanane kati yao watoto, kwa kula nyama ya kasa. Kuna sumu inayoweza kuwa mle na hakuna anayeweza kuijua kwa kutazama wala kwa kuonja. Watoto wanane. Dada akanyamaza, alafu akasema chupa iliyo kabatini kwa mama itatoka kesho, na imetoka.

Sasa msaada. Wengi tunadhani hivi vituo ni vya wazungu, wana pesa zao, sisi tutaenda kufanya nini. Corona ilipofunga ndege watalii walipotea pwani yote na kila kilichokua kinategemea wao kilitetereka, hoteli, boti, vinyago, na hivi vituo havikusalimika. Chenye kulindwa na watu wa mji hakiyumbi kirahisi ivo. Kwa hiyo ukienda lipa tiketi yako, usiombe kuingizwa bure kwa sababu unamjua askari wa getini. Ukiweza, changia kiota au kasa mmoja, wana utaratibu huo. Huna pesa, basi nenda siku za kusafisha ufuo na gunia lako. Mvuvi, weka ile namba yao kwenye simu. Mwalimu, peleka darasa, na uwapigie simu mapema wajipange. Mimi kazi yangu ni umeme, nimeshawaambia wakiwa na waya wa kurekebisha nitakuja na vyombo vyangu, nauli juu yangu.

Na kuhusu jeti, nimeanza kuongea na watu. Yule mzee wa mshipi nimemtafuta tena, amekubali kuwaonyesha watoto wa madrasa yetu anachovua, kila anachokitoa kinakaa kwenye ndoo kidogo kisha kinarudi. Ndoo zimeongezwa, moja nimenunua mimi, nyeupe ndani ili viumbe waonekane vizuri. Akina mama wa mtaa wanachanga nauli ya Disemba, matatu moja nzima mpaka Watamu, na wamesema tiketi za watoto zitalipwa zote, hata ya yule mchanga anayebebwa.