Nilivyojifunza kusoma jani kabla ya kupanda

Ukoka wa bustanini kwangu ndio ulionichosha. Kila jioni nilishika mpira wa maji, na kiangazi kikikaza ulikauka vilevile. Siku niliyoamua kumwagilia kwa ndoo ili nijue kiasi kinachotumika, niliona aibu kwa maji niliyokuwa nikiyamwaga pale. Nikang'oa karibu wote, nikabakiza kipande wanachochezea watoto. Baadaye nilisoma kwamba idara ya maji ya Denver, Marekani, ilianza kuhimiza bustani za maji kidogo mwaka 1981, na kanuni yao mojawapo ni hiyohiyo: ukoka ubaki pale tu unapotumika.

Katika kuchagua mimea ya maji kidogo ya kuchukua nafasi yake, sikuanza na majina. Nilianza na majani. Jani la mshubiri ni ghala la maji, hilo kila mtu analiona akilikata. Lisiloonekana ni kwamba vitundu vyake vya kupitishia hewa hufunguka usiku, wakati wa ubaridi, na mchana wa jua kali hujifunga. Rozimari ina mbinu nyingine. Chuma kijani chake kimoja, chembamba kama sindano, ukigeuze: kingo zimejikunja kwa chini, na katikati kuna weupe wa vinyweleo. Humo ndimo vitundu vyake vilimojificha, upepo usivikaushe. Ukijivu wa lavenda nao ni vinyweleo vinavyorudisha mwanga wa jua. Tangu hapo, nikikuta mche wenye majani mapana, laini na yasiyo manene, najua huyo ana kiu, hata awe mzuri vipi.

Lakini jani halisemi kila kitu. Mshubiri wangu wa kwanza niliupanda pembeni palipoinama, kwenye udongo wa mfinyanzi. Mvua ziliponyesha, majani yalianza kuwa laini na kupoteza rangi. Nikadhani una kiu, nikauongezea maji! Nilipoushika kuusimamisha, ulitoka mzima mkononi. Shina limeoza, linanuka. Mimea ya ukame huvumilia kukosa maji, ila mizizi iliyozama majini haipati hewa. Sasa mshubiri, rozimari na lavenda nimezipandisha kwenye tuta lenye mchanga na kokoto, na wanaopenda maji wako peke yao upande wa pili.

Jambo ninalotamani ningeambiwa mapema ni hili: mche mpya si mstahimilivu bado. Mizizi yake ina ukubwa wa kifuko ulichotokea. Kwa hiyo msimu wa kwanza nilimwagilia mara mbili kwa wiki, baadaye mara moja, kisha kila baada ya wiki mbili. Kila zamu ilikuwa maji mengi, polepole, yazame chini na mizizi iyafuate huko. Maji ya juujuu ya kila siku huilea mizizi juu, na juu ndiko kunakokauka kwanza. Kabla ya kumwaga chochote nachomeka kijiti. Kikitoka na udongo uliong'ang'ania, naacha.

Kwenye vitanda vya wenye kiu nimetandaza majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 8, nikiacha nafasi kuzunguka shina lisije likaoza.

Bogenvilia ya ukutani ndiyo iliyonishangaza. Nilipokuwa nikiimwagilia kila siku ilitoa majani matupu. Nilipoiacha ikauke kidogo kati ya zamu na zamu, ukuta mzima ukawa mwekundu.