Sikio Hutangulia, Koo Hufuata

Kwa miaka kadhaa nimefundisha nyimbo katika shule ya msingi hapa Newala, na kila Januari naona jambo lile lile: mtoto wa darasa la kwanza hushika kwanza maneno ya wimbo, kisha mdundo, halafu kupanda na kushuka kwa sauti, ilhali umbali sahihi kati ya noti moja na nyingine huja mwisho kabisa. Ndiyo maana simkemei anayeimba chini ya wenzake, kwani mara nyingi sikio lake husikia vizuri, ila koo bado halijajifunza kulitii.

Katika kupiga makofi, mtoto wa miaka sita hufuata kasi yake mwenyewe, hasa wimbo unapokwenda polepole. Kufikia darasa la nne wengi huweza kupunguza mwendo pamoja na kundi. Hapa kwetu, watoto walioona sindimba, ngoma ya kucheza ya Wamakonde, tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao hawababaishwi na midundo inayopishana. (Mimi, niliyekulia kwingine, hupotea kabla yao.)

Kuimba sauti mbili nasubiri hadi darasa la sita, ingawa baadhi ya wavulana huwa wameanza kuvunja sauti. Zoezi ninalolipenda zaidi ni la ngoma: tunaiweka karibu na moto, ngozi inakaza, na watoto, wakiwa wamefumba macho, wananyoosha mkono pale wanaposikia sauti yake imepanda.