Fotokopi inamiliki nini?

Leo siku ya nne na bado namsikia.

"Shikamoo shangazi. Samahani, kwani fotokopi inamiliki nini?"

Ni yule binti wa jirani, wa kidato cha pili, yule niliyewaambia hanunui kalamu mpaka aijaribu kwenye kiganja. Alileta cheti cha kuzaliwa, nakala mbili. Nikiwa nangoja mashine ipate moto, akakikodolea macho kibao changu, kile kile nilichojisifia hapa mwezi wa tatu: PHOTOCOPY'S & LAMINATION, rangi nyekundu, herufi zina kivuli.

"Inamiliki vipi?"

"Hiyo ritifaa, shangazi, hicho kialama cha juu kabla ya S. Ukiweka ritifaa na S inakuwa kitu cha fotokopi. Sasa kitu chenyewe sikioni."

Nikamjibu, "Mia mbili."

Mia mbili! Miaka 11 nachapa barua za watu, jibu langu ndiyo hilo. Tangu siku hiyo nimeshampa majibu matamu kweli, yote nikiwa naosha vyombo. Mwenye nyumba kapandisha kodi, Baba Nassoro karudi Dodoma mikono mitupu, mimi niko na ritifaa.

Kinachouma, mwenye kero ya alama hizi mtaani ni mimi. Nani alimsomea mwenye bucha mbele ya wateja kwa ile karatasi ya NYAMA YA NGOMBE? Nikamwambia ng'oa ni ya jino, ngoa ni ya wivu. Ya kwetu naijua, kazi yake sauti tu. Ya Kiingereza mara umiliki, mara herufi iliyomezwa. Halafu "its", ambayo ni ya umiliki kabisa, haiwekwi. Ukiiweka imeshakuwa "it is". Sisi tunasema duka la mama, basi, mama kapata duka lake.

Jana usiku nikaingia mtandaoni kutafuta pa kujifichia, nikaishia kucheka peke yangu. London kuna stesheni mbili za treni zinazofuatana: Earl's Court ina ritifaa, Barons Court haina. Birmingham nako, mwaka 2009, baraza la jiji likatangaza kwamba vibao vya mitaa havitawekwa ritifaa. Wenye lugha hao! Nililala fofofo.

Asubuhi nikapanda stuli na wembe, nikaikwangua. Ikabaki doa jeupe, ukiwa ng'ambo ya barabara unaapa bado ipo. Sijashuka, huyo anapita na begi lake.

"Shangazi, ukiitoa hiyo, na Y inaondoka. Inakuja I-E-S."

Safari hii nilicheka mpaka stuli ikayumba. Nikampa kalamu ya bure. Akaijaribu kwenye kiganja.

Mchoraji kasema atakuja Jumatatu. Ila Mama hajapiga simu tangu Alhamisi, siku ya kliniki yake ya macho, na kawaida akitoka tu pale dirishani kwa dawa ananibip. Nikimpigia, inaita mpaka inakatika.