Bahari Ikipwa: Kutafuta Mahali pa Kuvua, Kutoka Takaungu hadi Sabaki

Niliondoka Mombasa mwezi wa Pili, kaskazi ikiwa bado inavuma na maji yakiwa maangavu, nikiwa na fimbo ya kuvulia, ndoana ndogo, chubwi za risasi za kuzamishia mshipi, na swali moja: mtu anayeanza uvuvi, asiye na chombo wala jamaa mvuvi wa kumwongoza, atapatambuaje mahali penye samaki akiwa amesimama ufuoni? Siku za bamvua nilizichagua kwa makusudi. Katika pwani hii, baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha hujaa kuelekea saa kumi jioni. Kwa anayejifunza ratiba hiyo ni neema, kwa kuwa asubuhi ataikagua sakafu ya bahari kwa macho yake, na alasiri atavua pale pale alipopakagua.

Takaungu, mji mkongwe ulio kusini ya Kilifi, nilimkuta mzee akisuka dema, mtego wa samaki, chini ya kivuli. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza haja yangu.

“Mwanangu, bahari ikijaa kila mahali ni maji,” alisema. “Ngoja itoke, uzione nyumba zao na njia zao.”

Tulishuka pamoja, tumevaa viatu vya mpira kwa sababu ya miiba na makali ya mwamba. Alinionyesha mfereji wa mchanga uliopita kati ya nyasi za bahari na mwamba, ukielekea mdomo wa hori, mkono wa bahari unaoingia barani. Maji yakianza kujaa hupita hapo kwanza, na samaki huyafuata: tasi huja kula majani, changu huja kutafuta kaa na kombe kandokando ya mchanga. Mashimo ya kaa na maganda yaliyovunjika yalikuwa ushahidi tosha kwamba mahali pale panatembelewa. Kisha akanifundisha jambo ambalo naliona kuwa la thamani kuliko vifaa vyote vya dukani: kuweka alama. Nilisimama juu ya ukingo wa mfereji, nikatafuta mbuyu ulioungana na pembe ya nyumba nyuma yake, na upande wa pili mti ulioungana na jiwe kubwa. Mfereji ulipofunikwa na maji, alama hizo mbili ziliniambia hasa ulipo.

Alasiri nilitumia vipande vya mkono wa pweza, kwa kuwa nyama yake ni ngumu na samaki wadogo hawaimalizi upesi kama wanavyommaliza kamba, na chubwi nyepesi ili chambo kiende na maji. Changu walidona katika saa za mwanzo za maji kujaa. Mfereji ulipokuwa na kina kirefu na maji kutulia, wakaacha.

Majabali ya Vuma, yaliyo karibu, niliyapita tu. Kina kiko chini ya miguu na mandhari ni ya kupendeza, lakini mawimbi yameula mwamba kwa chini na maji hupanda ghafla, kwa hiyo simshauri mwanafunzi yeyote aanzie hapo.

Mnarani, ng'ambo ya mji wa Kilifi, hori ni jembamba na mkondo una nguvu. Hapo pana gati la kivuko kilichotumika kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Maji yanapopita kasi kando ya kizuizi chochote, nyuma yake hubaki sehemu tulivu, na kolekole husimama humo akingoja samaki wadogo wanaochukuliwa na mkondo. Mshipi unapaswa kuangukia mpakani, kati ya maji ya kasi na yaliyotulia.

Watamu nilifunga fimbo. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968 hairuhusu uvuvi wowote ndani ya mipaka yake, na sehemu za akiba, Mida ikiwamo, zina kanuni zake; anayefika aulize kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na kwa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, ya mahali hapo kabla ya kutia chambo. Mikoko ya Mida hulea samaki wachanga, na kwa maoni yangu hata palipo na ruhusa ni vyema kuwaacha wakue.

Safari iliishia Sabaki, kaskazini ya Malindi, mto unapoingia baharini ukiwa mwekundu kwa udongo wa bara. Hapo hapana mwamba wa kusoma, bali mawimbi: yanapovunjika meupe chini pana fungu la mchanga, na yanapopita bila kuvunjika pana mfereji. Vijana waliokuwa wakivua walinionya kuhusu viboko wa mlangoni mwa mto, wakanieleza kwamba mafungu huhama mvua kubwa zikinyesha, hivyo alama za mwaka jana hazitegemeki. Nilikagua upya maji yalipopwa, nikaweka alama kwa mivinje na kilele cha mchanga, na jioni nikatupa mshipi palipokutana maji mekundu na ya buluu. Aliyenasa ni hongwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni na mbavuni. Kijana mmoja alimshika kwa kitambaa, akaivunja miiba kwa koleo, ndipo akanikabidhi nimtie kikapuni.